Diski moja ya nje kwa Windows, Mac na Linux

Natumia kompyuta tatu, moja ya Windows, moja ya Mac na nyingine ya Linux, na nilitaka diski moja ya nje ya terabaiti 2 izihudumie zote. Video zangu ni nzito mno kuzipitisha kwenye intaneti kila siku.

Diski ilikuja na NTFS, mfumo wa faili wa Windows, yaani namna ya kupanga faili kwenye diski. Windows na Linux ziliandika humo bila shida. Mac ilinifungulia kila kilichomo, lakini ikakataa kupokea hata faili moja mpya. Mifumo mingine, APFS ya Mac na ext4 ya Linux, nayo Windows haiisomi mpaka uongeze programu. FAT32 inasomeka karibu kila mahali, ila faili moja haiwezi kufika gigabaiti 4, na hapo video zangu nyingi zilishakwama. Ikabaki exFAT. Ni ya Microsoft, ya mwaka 2006. Mac inaiandika tangu toleo la 10.6.5, na Linux ina kiendeshi chake kizuri (programu ya kuisoma na kuiandika) ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, tangu toleo la 5.7. Nilihamisha kila kitu kwanza, kwa kuwa kufomati kunafuta vyote, kisha nikafomati kwenye Windows.

Video zilikubali siku hiyohiyo. Kazi ilikuwa kwenye folda zangu za programu kutoka Linux. exFAT haihifadhi ruhusa za faili za Linux (nani asome, aandike au aendeshe) wala viungo vyake vya mkato, yaani faili zinazoelekeza kwenye faili nyingine, na jina lenye nukta pacha au alama ya kuuliza halikubaliki. Tena hugawa nafasi kwa mafungu makubwa, na faili hata ikiwa ndogo huchukua fungu zima: kwa diski ya ukubwa huu, chaguo la kawaida la Windows ni kilobaiti 128, kwa hiyo faili 10,000 za kilobaiti moja moja hula takribani gigabaiti 1.3. Dawa niliyoipata, na ninaipenda sana, ni kuzifunga folda hizo katika kifurushi kimoja cha tar, yaani faili moja inayobeba nyingi, kabla ya kunakili. Ruhusa, viungo na majina vinabaki salama ndani yake, na nafasi haipotei.

Jambo ninalolisisitiza kwa yeyote anayeshika diski hii ni kuitoa kwa amri ya kompyuta kabla ya kugusa kebo. NTFS na ext4 huweka kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea. ExFAT haina, hivyo ukichomoa katikati ya kuandika unaweza kuharibu orodha nzima ya faili. Mac ikianza kukawia kuifungua, naipeleka diski Windows na kuendesha chkdsk, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Mara nyingi inatosha.

Nakala za akiba za Mac sijaziweka humo. Time Machine, programu ya Mac ya nakala hizo, haikubali exFAT, nami sikutaka kuigawa diski vipande viwili, kwa hiyo zina diski yake pembeni.