Nilivyogeuza mota ya zamani kuwa mtambo wa upepo hapa Goma

Ukiingia mtaa wa Birere kutafuta mota ya kugeuza, soma kibati chake kabla ya kuuliza bei. Wauzaji wa vyuma chakavu watakuonyesha ya farasi tano, ya farasi saba, nzito hata chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inalia. Achana nazo. Kilichonivutia mimi ni mota ya fezi tatu ya kilowati 1.5 tu, iliyoandikwa mizunguko 940 kwa dakika. Zilizojaa sokoni zinakwenda 1,400 au 2,800, na hizo upepo wetu hauziwezi. Mapanga yenye kipenyo cha mita mbili, upepo wa wastani ukivuma, hayafiki hata mizunguko 300. Mota ya mwendo wa polepole ina ncha nyingi za usumaku ndani, zinazoundwa na koili zake, yangu ina sita, kwa hiyo inatoa umeme mapema.

Mota ya aina hii haina sumaku ya kudumu. Rota yake, yaani sehemu inayozunguka, ni chuma na alumini, ukiizungusha hivihivi haikupi kitu. Kuna mafundi wanaoiamsha kwa kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, lakini hapo inataka izungushwe kwa kasi kubwa, na kasi ndiyo hatuna. Dawa ni kukereza rota, kuivika bomba nene la chuma, kisha kubandika sumaku za neodimi, zile zenye nguvu sana, juu yake.

Nilipompelekea fundi mkereza, aliizungusha kwa kidole, akasikiliza beringi, akaniangalia.

"Papa, hii ni nzima. Unataka niiharibu?"

"Iharibu vizuri, fundi."

Alicheka, lakini kazi yake ilikuwa safi, na hapo hakuna masihara. Sumaku zikishabandikwa, nafasi kati yake na stata, sehemu ya nje isiyozunguka, isizidi milimita moja hivi. Ikipungua mno zinakwaruza, ikizidi umeme unapungua. Sumaku niliagiza China kupitia mfanyabiashara anayeleta simu. Zishike kwa tahadhari: mbili zikirukiana, kidole kikiwa katikati kinapasuka.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukizipanga sumaku kwa mstari ulionyooka, zinanasa kwenye meno ya stata. Mhimili unagoma, unaruka, unagoma tena, na upepo mdogo hauwezi kuuanzisha. Inabidi mistari ilale mshazari, mwanzo na mwisho vipishane kwa jino moja. Stata yangu ina mifereji 36, kwa hiyo jino moja ni nyuzi 10, karibu milimita tisa kwenye rota yangu. Nilichora mistari kwa kalamu kwenye karatasi, nikaizungushia rota, nikabandika sumaku kwa epoksi nikifuata mchoro, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, mpaka safu sita zikatimia. Kisha nikazifunga kwa uzi wa nailoni na epoksi tena, maana zikibanduka zikiwa mbioni zinakula waya zote. Ukimaliza, zungusha mhimili kwa mkono. Ukiteleza bila kigugumizi, umepata. Halafu gusanisha nyaya zote tatu: mhimili unakuwa mzito ghafla kama umetumbukizwa kwenye ugali. Ndiyo breki yenyewe hiyo, na mpaka leo sipandi nguzoni kabla ya kuzigusanisha.

Watu wanadhani shida itakuwa volti chache. Mota ya volti 380 ina shida ya kinyume. Ukiiunganisha na betri moja ya volti 12, inaanza kuchaji mapanga yakiwa bado yanajikongoja, na betri inayabana yasichanganye mwendo. Kwa hiyo nilitumia betri nne mfululizo, volti 48, na msokota mota akanigawia koili za kila fezi mafungu mawili sambamba, zikabaki kwenye muungano wa nyota, yaani mwisho mmoja wa kila fezi umeunganishwa pamoja na wenzake. Hapo inaanza kuchaji kwenye mizunguko kama 190. Diodi sita, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinageuza umeme kuwa wa mkondo mmoja.

Mapanga ni matatu, ya msipresi mkavu, nimeyachonga kwa randa na kuyapaka rangi ya mafuta. Hayana siri kubwa, ila uzito wake ulingane.

Nguzo ndiyo iliyonitoa jasho. Kiwanja changu Himbi kina udongo wa kiganja kimoja, chini yake ni jiwe la volkano. Huchimbi, unatoboa, unapigilia vyuma na kumwaga saruji. Kwa kushikilia waya za nguzo ni zuri kuliko udongo, lakini kwa waya wa radi ni balaa, kwa sababu jiwe kavu halipitishi umeme, na Kivu hii radi ni nyingi mno. Nililaza waya wa shaba mrefu kwenye mtaro, nikaufukia kwa udongo wa kuletwa uliochanganywa na mkaa, na mama watoto anamwagia hapo maji ya kuoshea vyombo.

Hesabu yake ni hii. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kama kilo moja kwa mita ya ujazo. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unapitisha wati 196 kwenye mapanga yangu. Mjerumani Albert Betz alikwisha kuonyesha kwamba hakuna panga litakalochukua zaidi ya asilimia 59. Mimi nikipata wati 50 nashukuru. Upepo ukifika mita 10, nguvu hiyo inakuwa mara nane. Mchana unatoka ziwani, usiku unateremka kutoka milimani, na asubuhi mapema mara nyingi pametulia kabisa. Mwenye fedha taslimu anunue sola, nasema wazi. Mwenye mota, fundi na subira afanye hivi.

Betri zikijaa usiyaachie mapanga yazunguke bila mzigo, yatapitiliza mwendo. Kidhibiti changu kinahamishia umeme kwenye waya wa pasi uliozamishwa ndani ya pipa la maji, na siku ya upepo mkali jirani wanakuja na ndoo zao kuchota maji ya moto.