Mashoto kwa mashoto: mpira wa Seattle, maswali ya Mwaloni

Mechi ikianza saa moja jioni hapa Seattle, Mwanza ni saa kumi na moja alfajiri, na kaka yangu yuko Mwaloni, Kirumba, anasubiri boti za dagaa kutoka visiwani. Ndiyo maana katika ukoo mzima ni yeye tu anayefuatilia besiboli pamoja nami. Natuma picha za uwanjani, ananijibu kwa sauti huku wapagazi wakigombana nyuma yake.

Juzi kaniuliza: "Mdogo wangu, yule mpigaji mkali mbona kawekwa benchi kisa mrushaji ni mashoto? Si hata yeye ni mashoto?"

Ndiyo sababu yenyewe. Kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18 na ushee, na mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Mashoto akimrushia mashoto mwenzake, mpira unatokea kama nyuma ya bega lake, halafu ule wa kukata kona unamkimbia kwenda nje. Mpigaji wa kulia anauona tangu ukiwa mkononi.

Nilipokuja likizo tulijaribu palepale Mwaloni. Kaka alishika kasia kimashoto, kijana mmoja mpakia magunia, mashoto wa kuzaliwa, akamrushia ndimu. Kaka akaruka nyuma, akainama, kumbe ndimu imepita katikati kabisa. Akarudia, akaruka tena! Mama mwenye ndimu alicheka, kisha akadai hela yake.

Sasa wapo wapigaji wanaoigeuza kanuni hiyo. Ichiro Suzuki, Mjapani aliyevuma hapahapa Seattle, alipiga kwa kushoto, na wastani wake wa kupiga dhidi ya warushaji mashoto ulikuwa juu kuliko dhidi ya wa kulia. Mwaka 2004 alipiga hiti 262 (hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji kituoni salama), akaivunja rekodi ya msimu mmoja ya George Sisler ya 257 iliyodumu tangu 1920. Nionavyo mimi, hakuhangaika kuuvuta mpira: ukimkimbia kwenda nje, aliusukuma hukohuko, na miguu ikamalizia kazi. Mwaka 2025 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli, akakosa kura moja tu kati ya 394. Huyo mmoja sijui aliamka vipi.

Lakini si kila anayesifiwa hivyo ni Ichiro. Warushaji wengi ni wa mkono wa kulia, kwa hiyo mpigaji mashoto hukutana na mashoto wenzake mara chache, na kocha akimficha benchi zinapungua zaidi. Akibahatika wiki mbili tatu, watu wanaanza kumwita muuaji wa mashoto. Msimu ujao hiti zimeyeyuka. Mimi siamini mpaka ipite misimu kadhaa.

Kaka hakubaliani na makocha kabisa. "Wasipompa nafasi, huo uzoefu ataupata wapi?" Hapo yuko sahihi, na nadhani wapo wengi wazuri waliozeekea benchi hivyohivyo.

Tangu 2020 mambo yamebanwa kidogo: mrushaji akiingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au zamu ya wapinzani kupiga iishe, isipokuwa akiumia. Zamani kocha aliweza kumleta mashoto kwa mpigaji mmoja tu, kisha akamtoa. Nilipomweleza hilo, kaka alichotaka kujua ni kimoja: huyo wa mpigaji mmoja alikuwa analipwa mshahara mzima?

Alikuwa analipwa, kaka. Mzima.