Akilia anadeka, akinyamaza ana kiburi

Kitu kinachoniuma sana ni vile tunavyowachukulia vijana wa miaka 13 mpaka 19, akilia anaambiwa anadeka, akinyamaza ana kiburi, akijifungia chumbani basi simu imemharibu, yaani hakuna namna ya kuumia ambayo watu wazima tutaikubali. "Una stresi gani wewe, kodi unalipa?" Hilo swali silipendi kabisa, maana huzuni haisubiri mtu aanze kulipa bili.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili, na wengi wao hawajulikani wala hawatibiwi. Halafu ubongo wenyewe bado unajengwa, ile sehemu ya mbele inayosaidia kutuliza hasira na kupima maamuzi inakuja kukomaa miaka ya ishirini na kitu huko, wakati hisia zishapamba moto zamani. Kwa hiyo akikwambia dunia imeisha kisa rafiki kamtenga, haigizi, anahisi hivyo kweli.

Wavulana ndo kabisa, hata kulia wamekatazwa, huzuni inatoka kama hasira, shuleni anaandikiwa utovu wa nidhamu na hakuna anayeuliza zaidi.

Ukiona kaacha kula, hapati usingizi, kaacha vitu alivyokuwa anavipenda wiki baada ya wiki, kaa naye muulize, na akianza kuongea usimkatize na habari za enzi zako. Akigusia kutaka kufa usimwache peke yake, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.