Kuchagua mbwa mdogo kama nyumba yenu haina mtu mchana

Kabla hujaulizia bei ya mbwa yeyote, chukua karatasi uandike nani yuko nyumbani saa ngapi. Nyumba nyingi za Kira, Namugongo na kandokando ya barabara ya Entebbe, viungani mwa Kampala, Uganda, zinafanana: gari la shule linapiga honi saa 12 asubuhi, wazazi wanatoka muda huohuo ili wakwepe foleni, na wa kwanza kurudi anafungua geti saa 1 usiku. Katikati anabaki dada wa kazi, ambaye tayari ana nguo za kufua na mtoto mgongoni, au habaki mtu kabisa. Saa hizo 13 ndizo atakazoishi nazo mbwa wako, kwa hiyo zitazame kwanza, sura yake baadaye.

Mtoto wa mbwa hubana mkojo kwa saa zinazokaribia umri wake wa miezi, ukiongeza moja. Wa miezi 2 anaweza saa 3. Ukimfungia jikoni kutwa nzima atajisaidia palepale anapolala, na akishazoea hivyo kumfundisha upya ni kazi ya miezi. Kwa aina ndogo kabisa kuna hatari inayozidi huo uchafu: sukari ya mwili hushuka haraka. Chihuahua au Yorkshire Terrier wa wiki 9 anatakiwa kula mara 4 kwa siku. Akikosa milo anaanza kuyumba, analegea, ufizi unakuwa baridi, na anaweza kupata degedege. Ukimkuta hivyo, mpake asali kidogo kwenye ufizi, mfunike apate joto, mkimbize kwa daktari.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: kama saa 7 mchana hakuna mtu mzima nyumbani mwenye nafasi ya kumshughulikia, usichukue mtoto wa mbwa. Tafuta aliyekwisha kufikisha mwaka mmoja au zaidi. Tabia yake tayari inaonekana, chanjo za utotoni zimepita, na anatosheka na milo miwili. Jijini Kampala kuna familia zinazohama nchi mikataba ya kazi inapoisha, nazo hutafutia mbwa wao nyumba. Daktari wa mifugo anayewahudumia ndiye hujua mapema, hivyo mwachie namba yako. Pia pita kwenye makazi ya mbwa ya USPCA, shirika la kutetea wanyama la Uganda. Wengi wa huko ni wa kienyeji wenye kimo cha kati, lakini ukieleza nyumba yako ilivyo watakuambia yupi ametulia.

Baada ya saa, manyoya. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Maltese wa kilo 3 hadi 4 anapendeza sana kwenye picha, mweupe pe. Mlete kwenye ua wa udongo mwekundu, mvua za Aprili zikinyesha, na ndani ya wiki moja rangi ni ya matofali. Rangi si tatizo. Tatizo ni kwamba manyoya yake ni laini na hayaachi kukua, kwa hiyo yanajifunga mafundo nyuma ya masikio, kwapani, na pale mkanda unapokaa. Fundo likilowa halikauki, ngozi ya chini inaanza kunuka na kutoa majimaji, na kupe wanajificha humo bila kuonekana. Chanuo la chuma lenye meno marefu lazima lifike kwenye ngozi. Tenga manyoya kwa vidole, anzia nchani, shuka taratibu hadi kwenye shina. Brashi ya juujuu inalainisha nje tu huku ndani pakiwa mkeka.

Dakika 10 kila siku, au manyoya yanyolewe mafupi, sentimita 1 hadi 2 mwili mzima, kila baada ya wiki 6 hadi 8. Hakuna njia ya tatu. Shih Tzu, mwenye kilo 4 hadi 8, yuko chini ya sheria hiyohiyo, na Poodle mdogo pia. Uzuri wa Poodle ni kwamba hapukutishi sana na anafundishika upesi kuliko wenzake wote wa kimo hiki. Ukimnyoa mfupi na kumpa dakika 30 za kutembea asubuhi, ni mbwa anayeifaa nyumba yenye watu wanaotoka na kuingia. Mimi ndiye ningemweka wa kwanza, na Shih Tzu aliyenyolewa ningemweka wa pili.

Japanese Spitz anafuata, kwa nyumba yenye ua wake. Ni mweupe pia, sentimita 30 hadi 38 begani, lakini manyoya yake hayashiki tope. Likikauka linadondoka, na kumchana mara 2 kwa wiki kunatosha. Anapukutisha, jambo linalomtesa anayefagia, na anabweka kwa kila boda boda inayosimama getini. Kwa nyumba iliyojitenga huo ni ulinzi wa bure. Kwenye fleti au nyumba za kupanga zinazogusana ukuta, ni ugomvi na majirani kabla mwezi haujaisha. Pomeranian anabweka vivyo hivyo.

Mwenye pua fupi anahitaji neno lake. Pug wa kilo 6 hadi 8 anapumua kwa shida hata akiwa mzima, na mbwa hujipoza kwa kuhema. Kampala joto si kali sana, kwa hiyo siku nyingi anavumilia. Kwenye miji ya kaskazini kama Gulu, Arua au Moroto, mwezi wa Januari na Februari, chini ya paa la mabati lisilo na dari, saa 8 mchana anaweza kufa. Akianza kukoroma akiwa macho, ulimi ukawa mwekundu sana au wa zambarau, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, mpeleke hospitali huku madirisha ya gari yakiwa wazi. Tena macho yake yametokeza: mtoto akimvuta ngozi ya shingo kwa nguvu, jicho linaweza kutoka mahali pake.

Jack Russell ndiye anayenunuliwa kimakosa kuliko wote. Ni mdogo, kilo 5 au 6, manyoya mafupi, uchafu unafutika kwa kitambaa, na mtu anadhani amepata mbwa rahisi. Huyu aliumbwa kufukua mbweha ardhini. Asipopata saa nzima ya kukimbia na kazi ya kichwa kila siku, atachimba chini ya ukuta, atafukuza kuku wa jirani, na atapita chini ya geti. Nafasi inayopitisha ngumi ya mtu mzima itoshe kukutia wasiwasi. Zibeni kwa kipande cha chuma au safu ya matofali. Kwenye nyumba yenye vijana wa miaka 12 na kuendelea wanaopenda kukimbia naye, ni furaha tupu. Kwa nyumba isiyo na mtu mchana, hapana.

Dachshund ana mgongo mrefu, na uti wa mgongo humsumbua kuliko aina nyingine yoyote. Nyumba yenye ngazi nyingi imuache. Ukimbeba, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, daima.

Wenye watoto wa chini ya miaka 6 waepuke mbwa yeyote asiyefika kilo 4. Mguu wa mbele wa Chihuahua unaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi au kuponyoka mikononi mwa mtoto.

Ukienda kumwona mbwa, omba kumwona mama yake akiwa na watoto. Muuzaji anayesisitiza mkutane kwenye maegesho ya duka, achana naye. Aliye chini ya wiki 8 hatakiwi kuachishwa mama, na wale wadogo kabisa ni heri wafike wiki 10 au 12. Inua mdomo: ufizi uwe wa waridi, unyevu. Tumbo likivimba kama gunia huku mbavu zikionekana, ana minyoo mingi. Kwenye kadi ya chanjo tafuta stika iliyobanduliwa kwenye chupa ya dawa, yenye namba ya toleo, pamoja na tarehe na sahihi ya daktari. Tarehe zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja bila stika si ushahidi wa chochote.

Chanjo ya mchanganyiko, ile inayokinga parvo (virusi vya kutapika na kuhara damu) na distempa (virusi vinavyoshambulia mapafu na ubongo), huanza wiki ya 6 hadi 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Wengi huishia sindano ya pili, na hapo ndipo parvo inapowachukua, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama inaweza kuizuia chanjo ya mapema isifanye kazi. Kama mbwa alikufa kwa parvo kwenye ua wako, virusi hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji oshwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iachwe dakika 10. Udongo haufuliki, hivyo lete mbwa mzima aliyechanjwa. Ya kichaa cha mbwa hudungwa kuanzia wiki 12, kisha kila mwaka. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, huwa na kampeni za kuchanja bure mjini.

Kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za ukuta na kibanda, kwa hiyo kumwogesha mbwa peke yake hakumalizi. Dawa zinazouzwa kwa wafugaji wa ng'ombe ni hatari hasa kwa mbwa mdogo. Ivermectin ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na kwa mbwa wa kilo 3 ni rahisi kuzidisha kipimo hadi dawa iwe sumu. Amitraz nayo huwalevya Chihuahua. Nunua kidonge au dawa ya mgongoni iliyoandikwa uzito wa mbwa wako.

Kuna pia yule nzi aitwaye mango fly, anayetaga kwenye nguo mbichi na udongo wenye kivuli. Funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu lenye tundu dogo katikati, na watoto wa mbwa hupata mengi tumboni. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu, subiri funza akose hewa ajitokeze, mminye kutoka pande zote mbili atoke mzima. Akikatikia ndani, panaoza. Matandiko ya mbwa yaanikwe juani yakauke kabisa, kisha yapigwe pasi.

Chakula kwa mbwa mzima wa kilo 5 ni takriban gramu 100 za chakula kikavu kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Pima kwa mizani mara moja, weka alama kwenye kikombe, mkabidhi dada wa kazi kikombe hicho. Ukipika mwenyewe, posho (ugali) pekee haitoshi. Weka mukene (dagaa) uliooshwa mchanga ukaisha, au maini na mapafu ya ng'ombe, usitie kitunguu wala chumvi, na mtajie daktari unachompa ili akuongezee madini yanayopungua. Unga au pumba zenye ukungu zitupwe, sumu yake huua ini, na mbwa mdogo haichukui muda.

Muda mzuri wa kumleta ni mwanzo wa likizo ndefu ya Desemba, wiki mbili kabla ya Krismasi, watoto wakiwa nyumbani na wageni hawajafika. Lakini shule zikifunguliwa Februari nyumba inanyamaza ghafla, na mbwa aliyezoea watu 5 kutwa atalia na kutafuna mlango. Kuanzia wiki ya kwanza ya Januari, tokeni wote nje ya geti kwa dakika 5, kisha 15, kisha saa 1, kisha nusu siku, bila kumuaga na bila kumshangilia mnaporudi. Mwachieni mfupa wa mpira uliojazwa chakula, maji, na kona moja ileile ya kulala.