Ya kukaa ao ya kusimama?

"Papa, ile mashini ikianguka, narukia wapi?"

Ni mtoto wangu wa kwanza, mdomo umejaa bukari. Kesho anaanza kazi kwenye stoo, watamfundisha kuendesha mashini ya kunyanyulia mizigo. Nikamuuliza: ya kukaa ao ya kusimama? Akanicheka. Kwake mashini ni mashini.

Basi mnivumilie, leo narudi tena depo ile ya Kampemba, kule Lubumbashi, nilikokuwa mpakuzi, kwa ajili ya muzee mmoja.

Muzee alitujia kutoka migodini, ambako miaka yote aliendesha zile kubwa za dizeli, za kukaa. Yetu ilikuwa ndogo, ya umeme, ya kusimama, ya kupita kwenye njia nyembamba kati ya rafu. Kapita, msimamizi wetu, alimfundisha kwa subira. Mguu ubaki ndani, maana nguzo ya rafu haina huruma. Mzigo ushuke karibu na sakafu kabla ya kugeuka. Magurudumu yanayogeuka ni ya nyuma, kwa hiyo angalia mkia. Ukitaka mashini isimame, inua mguu kwenye pedali, usikanyage. Hilo lilimuudhi sana. Mguu uliozoea kukanyaga breki hauulizwi maoni.

Kisha lile la kuanguka. Kwenye ya kukaa, ikipinduka unabaki ndani ya mkanda, unashika usukani, unakaza miguu, unaegemea upande usioangukia. Ukiruka, paa la chuma linakufuata chini. Kwenye hii yetu, nyuma kulikuwa wazi na sakafu iko hatua moja: unaachilia, unashuka kinyumenyume, unaenda zako. Sijui hadi leo kama mwili mmoja unaweza kutunza sheria mbili zinazopingana hivyo.

Siku ile roli la unga kutoka Kasumbalesa lilikuwa limechelewa, na dereva wake anapiga kelele mlangoni. Muzee akapandisha paleti, mifuko 40 ya kilo 25, hadi rafu ya juu, akakuta nafasi imejaa. Akarudi nyuma, mzigo ungali juu. Akageuza.

Niliona gurudumu la upande wangu likiachana na sakafu. Upana wa kidole, kisha wa kiganja. Hakukuwa na kelele. Mota ya umeme hailalamiki. Mlingoti ukainama polepole, kama mtu anayesinzia kanisani, na mifuko ya juu ikaanza kuteleza ndani ya nailoni iliyofunga mzigo. Kapita akapaza sauti: "Muzee, achilia! Shuka nyuma!" Mimi nilikuwa natazama mikono tu. Ilishika hadi mishipa ikasimama. Akaegemea upande wa pili, akakaza miguu, akauma meno. Kila kitu sawasawa kama alivyofundishwa migodini, bila kukosea hata kidogo, juu ya mashini isiyo ile.

Nailoni ikapasuka. Mifuko ikaporomoka, na mashini, ikiwa imepunguziwa mzigo, ikarudi chini kwa magurudumu yote. Pu! Unga ukatufunika sote, pamoja na paka wa depo.

Kapita alimfokea kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kisha kwa Kifaransa, alichokitunza kwa mambo mazito. Kama ile mifuko isingeanguka, paa lingemlalia kifuani! Kweli kabisa. Muzee akapangusa unga kwenye nyusi. "Lakini niko hapa, hapana?" Kweli vilevile.

Mchana wote akafanyishwa mazoezi ya kushuka kinyumenyume, mashini imezimwa, sisi wapakuzi tukihesabu kwa sauti. Alishuka vizuri kuliko vijana, huku akinung'unika: "Sasa bananifundisha kukimbia."

Aliendesha ile mashini hadi depo ilipofungwa. Hakugeuka tena na mzigo juu. Ila ile mikono, kila nilipopita karibu, ilikuwa imeshika vilevile.