Majani Makavu

Juzi tulikuwa Kibosho, chini ya Kilimanjaro. Binti yangu alishinda kihambani, shamba la migomba la nyumbani, na bibi yake, wakivua migomba majani makavu ya kumtandikia ng'ombe. Bibi anavuta, mjukuu anakusanya. Mara mtoto akasimama, fungu kalikumbatia kifuani, akauliza: "Bibi, sasa usiku mgomba hautasikia baridi?"

Bibi akamwambia mgomba ukivuliwa majani makavu ndipo unapopumua, na ni kweli. Mimi nilikuwa kibarazani na kikombe cha chai. Swali halikuwa langu, lakini lilinipata. Nikageuka kutazama juu, na mlima ulikuwa umejifunika mawingu mpaka msituni.

Desemba 2013. Tulikuwa sita, wote wa ofisi ile ile ya Dar, tumechanga miezi minane ili siku ya Uhuru, tarehe 9, itukute kileleni. Mimi ndiye niliyeonekana mwenyeji, mtoto wa Kibosho niliyeuona Kilimanjaro kila asubuhi ya utoto wangu na sikuwahi kuukanyaga hata getini. Wenzangu waliniuliza jina la kila mti na kila ndege, na mimi nikawa najibu.

Tulipita njia ya Machame. Getini mwongozaji alitueleza kwamba kila taka tunayopanda nayo itashuka, na itapimwa. Tukaapa kutodondosha hata karatasi ya pipi, na hatukudondosha. Nilikuwa na mfuko wangu mdogo uliofungwa kwenye begi, na jioni nilikuwa naukagua kama mtu anayehesabu hela zake. Nalisema hili kwa sababu mtu anaweza kushika sheria zote za getini na bado akaumiza mlima.

Siku ya tatu ndiyo iliyotuchapa. Kutoka kambi ya Shira tulipanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, mvua ya mawe usoni, halafu tukateremka tena kulala Barranco, karibu mita 4,000. Tulipofika, godoro langu la kukodi lilikuwa linachuruzika maji. Nililiinamisha, likamwaga kama beseni.

Bonde la Barranco lina miti ambayo huioni popote pengine. Wagumu, yaani wale ndugu wanaotubebea mizigo, wanaiita senesio. Aina ile inaota Kilimanjaro tu. Shina nene kama la mnazi, juu vichwa vya majani mapana vimekaa kama kabichi kubwa, na chini ya vichwa, shina lote limezungukwa na majani yaliyokufa, tabaka juu ya tabaka, yananing'inia hadi chini. Jioni ile ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na miti ile ilisimama ndani yake kama wazee waliojitanda mablanketi.

Mimi nikaona mgomba. Ndivyo macho yangu yalivyofunzwa tangu utotoni: jani kavu ni tandiko. Nikauendea mmoja uliokuwa nyuma ya hema letu, haukunizidi kimo sana, nikaingiza mkono.

Mkono ule bado naukumbuka. Nje majani yalikuwa yamelowa na baridi inauma vidole. Nilipouzamisha hadi kwenye kiwiko, ndani palikuwa pakavu. Si pakavu tu, palikuwa na uvuguvugu, kama ukiingiza mkono chini ya kuku anayeatamia. Kidudu kidogo cheusi kilitembea juu ya kifundo changu kikarudi gizani. Nikafurahi. Nikasema hapa nimepata kitanda. Nikaanza kuvuta, fungu la kwanza, la pili, la tatu, majani yanachanika kwa sauti ya gunia kuukuu. Shina likabaki wazi, kijivujivu, limejaa makovu ya majani ya zamani, upana kama wa kifua cha mtu.

"Kijana wa Kibosho."

Alikuwa Meku, mgumu mzee kuliko wote katika msafara wetu. Alishika dumu la maji mkononi. Hakupaza sauti.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Huo ni mgomba?"

Nikasema si mgomba, ila haya yamekufa.

"Yamekufa ndiyo. Na hilo koti lako, liko hai?"

Akatua dumu. Akauchukua mkono wangu akaubandika kwenye shina nililolivua. Lilikuwa limeshaanza kuwa la baridi. Akaniambia maji ya mti yako humo ndani ya shina. Huku juu usiku yanaganda mabwawa, yanaganda mahema, na maji ya shina yasipofunikwa nayo yataganda. Asubuhi jua linatoka kali, majani ya juu yanaomba maji, na maji hayapandi. "Mti unakufa kwa kiu na maji unayo tumboni." Akanionyesha vichwa vya juu. Majani mabichi yalikuwa yameanza kujikunja kuelekea katikati, yanakifunika kichipukizi kwa ajili ya usiku. Nilikuwa nimepiga picha za miti ile mchana kutwa na sikuliona hilo.

Nikamuuliza itakuwaje. Akasema hajui. Akasema yeye amepanda mlima huu tangu kijana, na kuna senesio anazozipita tangu wakati huo ambazo hajaona kama zimerefuka.

Tulirudisha majani. Yeye akiyashikilia, mimi nikiyapanga, tochi ya kichwani inacheza ukunguni, mikono inatetemeka. Hayakukaa kama yalivyokuwa. Yale yaliyojipanga kwa miaka mingi sisi tuliyarundika kwa dakika ishirini. Nikatoa kamba za akiba za viatu vyangu, nikazungusha mbili, juu na chini, nikakaza. Meku akatazama, akachukua dumu lake, akaenda jikoni. Usiku ule nililala juu ya begi na koti la mvua, na kila nilipoamka nilisikia baridi ikigonga hema.

Asubuhi tulipanda ukuta wa Barranco kukiwa bado na kivuli. Kileleni nilifika, alfajiri ya tarehe 9, nikalia kama wote wanavyolia, picha iko ukutani kwa mama. Tulishuka kwa njia ya Mweka, taka zikapimwa, tukapeana mikono. Meku sikumwona tena baada ya geti.

Oktoba 2020 mama alinipigia simu Dar, anasema mlima unawaka. Watu wa mjini walikuwa wakiuona usiku, mstari mwekundu juu ya msitu. Wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji walipanda kuuzima moto kwa matawi. Swali langu la kwanza lilikuwa upande gani. Mama akasema Mandara na Horombo huko, kwenye njia ya Marangu, mbali na Barranco. Nikashusha pumzi, halafu nikaona aibu, kwa sababu na huko kuna miti.

Haya yote nilimsimulia binti yangu jioni, tumekaa jikoni, bibi akikoroga kiburu cha ndizi na maharage. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilimweleza lile joto la ndani ya majani kwa namna nilivyoweza. Nikamwambia tulivyoyarudisha, tulivyofunga.

Akafikiri. Kisha akauliza: "Kamba za viatu ni za nini? Za katani?"

"Za nailoni."

"Haziozi?"

Nikamwambia haziozi.

"Na mti ukinenepa?"

Bibi yake akaacha kukoroga, akanitazama. Miaka yote hii nilikuwa nimefikiria majani tu. Ana miaka tisa, na chini ya miaka kumi hawamruhusu mtoto kupanda juu hivyo. Lakini kumi si mbali. Kesho yake asubuhi, mlima ukiwa umejifunua kidogo, nilimpigia simu rafiki yangu mwongozaji, nikamwuliza gharama za watu wawili hadi Barranco na kurudi, binti yangu akishatimiza kumi, na kama anaweza kuja na kisu kidogo.