Mtoto wetu alivyoizoea Lubumbashi

Tulihamia Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), mwezi wa sita, baada ya mume wangu kupata kazi kwenye kampuni inayoshughulikia mizigo ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda kwenye migodi ya Katanga. Mwanetu alikuwa ametimiza miaka minne. Ndugu wengi walishauri mimi na mtoto tubaki Dar, baba awe anakuja likizo. Tulikataa, kwa sababu sikutaka mtoto akue akimjua baba yake kwa simu. Nayaandika haya kwa ajili ya mama mwingine anayefunga mizigo sasa hivi. Nilipokuwa nafunga ya kwangu, kila niliyemuuliza alinieleza habari za vibali na dola. Habari za mtoto hakuna aliyekuwa nazo.

Kilichotupokea ni baridi. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa ni kiangazi kikavu. Juni na Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi ya kwanza mtoto alitoka nje, akapumua, akaona mvuke unamtoka mdomoni. Alirudi ndani mbio, ameziba mdomo kwa mikono miwili, akaniuliza kama anaungua tumboni. Ilibidi mimi na baba yake tutoke naye tupumue pamoja, wote watatu tukitoa mvuke, ndipo akatulia. Jirani aliyekuwa anawasha mbabula, jiko la mkaa, upande wa pili alituona, akaja na kofia ya sufu ya mtoto wake. "Mama, mutoto yako iko na baridi. Umuvalishe hii," akasema. Kofia hiyo ndiyo iliyotufungulia mlango wa watu, na sijasahau. Mnaokuja miezi hiyo, wekeni sweta na soksi kwenye begi la mkononi, msizifungie kwenye mizigo inayofuata kwa lori.

Jambo jingine la kiangazi ni vumbi, na hapa nataka nikae kidogo. Katanga ni nchi ya shaba na kobalti, na bomba kubwa la moshi la kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba linaonekana kutoka sehemu nyingi za mji, pembeni yake mlima mweusi wa mabaki ya madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo, na watoto wanazidi watu wazima. Sababu inaeleweka: mtoto yuko chini, anachezea udongo, kisha anatia vidole mdomoni. Ndiyo maana dalali alipotuonyesha nyumba nzuri ya bei nafuu karibu na eneo la viwanda, tuliiacha, tukachukua ndogo zaidi, mbali na huko. Garanti yake, ile dhamana ya miezi kadhaa anayodai mwenye nyumba kwa dola, ilitukausha mfukoni, na nashukuru tuliilipa. Viatu vinabaki mlangoni. Sakafu inafutwa kwa tambara bichi, ufagio mkavu haugusi ndani. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya chochote kuingia mdomoni. Maji ya kunywa tunachemsha bila kukosa siku, maana kipindupindu ni ugonjwa unaojirudia Haut-Katanga, mkoa wa mji huu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mtoto aliizoea Lubumbashi kupitia lupango, ule uwanja wa nyumba kadhaa ndani ya ukuta mmoja, wenye bomba moja na mwembe mmoja. Tulifika shule zikiwa karibu kufungwa, na mwaka mpya wa masomo unaanza Septemba. Watu walinishauri nimtafutie mwalimu wa Kifaransa wa kuja nyumbani ili asianze shule akiwa bubu. Mimi niliamua likizo yote iwe ya mchezo. Mtoto mdogo hahitaji lugha ya shule kabla ya kupata mtu mmoja wa rika lake anayemngoja asubuhi, na huo ndio msimamo wangu mpaka leo.

Mwanzoni alikaa kizingitini, goti limegusana na langu, akiwatazama wenzake wakicheza mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba. Nilikuwa nachambua sombe, yaani kisamvu, hapo hapo mlangoni, kwa makusudi, ili nisimwache peke yake na pia nisikae ndani. Nashauri sana jambo hili: kazi ya jikoni ihamishie nje. Mama akionekana, majirani wanamzoea, na mtoto anaona kwamba mama yake anacheka na watu hawa, kwa hiyo si wa kuogopwa. Mama wa kofia alinifundisha kuitwanga sombe mpaka ilainike kabisa, nami nikamwonyesha wali wa nazi siku nilipopata nazi. Mtoto aliposhikilia gauni langu, mama huyo alikuwa ananiambia, "Umuache acheze na benzake, mama. Wewe ukae tu hapa." Nilikaa.

Aliyemtoa kizingitini ni Mbwana Samatta. Watu wa hapa hawajamsahau. Alichezea TP Mazembe, timu ya mji huu, tangu 2011 mpaka mwanzoni mwa 2016, Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu akiwepo pia, na mwaka 2015 timu ilichukua Ligi ya Mabingwa Afrika, Samatta akawa mchezaji bora wa mwaka huo kwa wanaocheza ndani ya bara. Vijana wa lupango waliposikia tunatoka Tanzania, walimgeukia mtoto wangu wakampa jina hilo hilo. "Samatta, kuya!" yaani njoo. Na Samatta wangu, asiyejua hata kupiga penalti, akaacha goti langu akaenda. Walimweka golini. Alifungwa mabao mengi sana, na jioni hiyo alikula bukari, ugali wa huku, kwa jirani, sahani moja na watoto watatu, mtoto ambaye tangu tufike alikuwa anataka kulishwa.

Kwa hiyo Septemba ilipofika alikuwa na mji tayari. Shule tu ndiyo ilikuwa mpya. Shule ya maternelle hapa ni miaka mitatu kabla ya darasa la kwanza, na nyingi za binafsi mjini zinafundisha kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Tulipozizungukia, ada niliiuliza mwisho. Niliuliza kwanza nani anampeleka mtoto chooni, na mtoto akilia anabembelezwa kwa lugha gani. Shule moja walinijibu kwamba Kiswahili hakiruhusiwi ndani ya uzio, hata kwa mtoto anayelia. Tuliondoka. Tuliyoichagua ni ndogo, tunaifikia kwa miguu, na mwalimu wake ni mama wa mtaani anayefundisha Kifaransa ila mtoto akianguka anamwinua kwa Kiswahili.

Hata hivyo, mwanangu alinyamaza. Nyumbani maneno hayamwishi, lakini akivuka geti la shule anafunga mdomo mpaka anarudi. Wiki zilipita hivyo. Mzazi mmoja akaniambia kwa nia njema nimpeleke hospitali, huenda ana tatizo la kusema. Niliyapima mambo kwa utulivu. Nikimnong'oneza nyuma ya mgongo, anasikia. Anaelewa nikimtuma vitu viwili kwa mpigo, na Kiswahili chake kinanyooka kama cha mtoto yeyote wa miaka minne. Tatizo la kusema lingejitokeza hata katika lugha ya nyumbani. Wanaoshughulika na watoto na lugha wanajua kwamba mtoto akiingizwa kwenye lugha mpya huweza kukaa wiki, hata miezi, akisikiliza tu kabla hajathubutu kutamka. Kama angenyamaza nyumbani pia, au angeacha kula na kucheza, ningemwona daktari mara moja.

Mwalimu alikuwa na moyo wa subira. "Anasikia yote, mama. Tumuache kwanza," aliniambia. Tukakubaliana nimchoree kadi nne ndogo za karatasi ngumu: choo, maji, mahali panauma, na mama. Anaziweka kwenye mfuko wa tabliye, ile aproni ya shule, na akihitaji kitu anamwonyesha mwalimu kadi. Ile hofu ya kujikojolea ikaisha, na nadhani hiyo peke yake ilikuwa nusu ya mzigo wake. Kadi ya maji ilichakaa upesi kuliko zote. Nilipouliza, mwalimu akaeleza kwamba kuna mtoto mwingine anayeiazima, wa familia iliyotoka Kinshasa, ambako nyumbani wanasema Kilingala. Nikachora seti ya pili. Watoto hao wawili, kila mmoja na lugha yake na kadi zake mfukoni, wakawa hawaachani.

Nyumbani tulishika Kiswahili. Ushauri wa kuhamia Kifaransa tuliusikia kwa wengi, hata kwa watu tunaowaheshimu, lakini Kifaransa changu ni cha kubahatisha, na sioni faida ya mtoto kubembelezwa na kuonywa kwa lugha ambayo mama yake mwenyewe anaitafuta maneno. Hadithi za usiku ni Kiswahili, dua ni Kiswahili, ugomvi wa kuoga ni Kiswahili. Bibi yake tunampigia saa kumi na moja jioni, wakati kwake ni saa kumi na mbili, kwa sababu Lubumbashi iko nyuma ya Dar kwa saa moja na tukichelewa tunamkuta amelala. Mwanzoni bibi alishtuka kusikia mjukuu anasema "batoto" na "bintu". Nilimwomba asimkosoe. Kwa sasa mtoto anatenganisha mwenyewe, huku cha lupango, huku cha bibi, wala hakuna aliyemfundisha.

Mvua zilikuwa zimeshaanza, embe zinaiva, mwalimu aliponisimamisha getini huku anacheka. Kuna mtoto alichukua kikombe cha mwanangu, na mwanangu akamfokea kwa Kifaransa, sentensi nzima, darasa zima likasikia. Nilitamani ingekuwa ya upole zaidi, lakini nilimshika mwalimu mikono yote miwili nikamshukuru.

Chakula hakikunisumbua sana, kwa kuwa bukari ni ugali na lengalenga ni mchicha. Uji wa lishe nilikosa ulezi tu. Madereva wa ofisini kwa mume wangu wananiletea kutoka Mbeya, nachanganya na mahindi, soya na karanga, nasagisha mashine ya mtaani. Mama mwenye mashine sasa anauza mchanganyiko huo kwa wateja wake wengine.

Kuhusu karatasi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitafsiriwe kwa Kifaransa na mtafsiri anayetambulika kabla hamjaondoka, kwa sababu shule itakidai. Kadi ya chanjo nayo itoeni nakala, na jina la kila chanjo liandikwe kwa Kifaransa pembeni, tarehe zisomeke. Nesi wa kituo tunachotibiwa alitaka kurudia chanjo ya surua kwa kuwa hakuelewa maandishi, mpaka alipoona ile nakala. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi mpakani, cha mtoto na cha wazazi. Chandarua chukueni nyumbani, kile mtoto alichozoea kulalia.

Septemba ijayo anaingia mwaka wa mwisho wa maternelle, na mume wangu na mimi tumeanza kumfundisha kusoma Kiswahili nyumbani, kabla Kifaransa hakijachukua kalamu yote. Bibi yake ametuma vitabu vya picha na hadithi kwa dereva mmoja. Lori limeshavuka Zambia, liko kwenye foleni Kasumbalesa, mpakani, na kila jioni mtoto anamuuliza baba yake kama foleni imesogea.